Droo ya Mikia

"Sisaini."

Mama Kadi alikuwa amelisema neno hilo mara nne tangu asubuhi, na kila alipolisema alizidi kunyoosha mgongo kwenye kiti. Mbele yake, juu ya meza ya Mkurugenzi, palikuwa na karatasi moja iliyopigwa chapa safi, yenye muhuri wa ofisi na mstari mtupu chini kwa ajili ya sahihi. Karatasi ilisema kwamba yeye, karani wa kadi wa nyumba hii ya kamusi kwa miaka thelathini na mmoja, aliiba droo nzima ya kadi, kwamba anajuta, na kwamba anaomba aachishwe kazi asishtakiwe.

"Mama, sisi tunakusitiri," alisema Mkurugenzi huku akiisukuma kalamu upande wake. "Ukisaini, unakwenda zako nyumbani. Usiposaini, saa nane mchana gari la polisi linakuja. Kwa umri wako huu, mahabusu utaiweza?"

"Nitaiweza. Kulala chini sikuanza leo. Lakini wizi sijauanza, na sitauanzia kwenye karatasi yako."

Inspekta alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Kituoni walimwita Gundi, kwa kuwa jambo akishalishika habanduki. Wenzake walimpa jina hilo kwa kejeli, naye akalivaa kama cheo. Asubuhi ile mkuu wake alikuwa amemwambia maneno tisa tu: nenda, chukua sahihi ya yule mama, rudi, funga jalada. Sasa ilikuwa saa tatu na nusu, sahihi haikuwapo, na Gundi alianza kuipenda kazi hii.

"Mkurugenzi," alisema, "karatasi yako iweke kwenye faili lako. Sijawahi kuona kesi ambayo mlalamikaji ndiye anayemwandikia mtuhumiwa maungamo. Mama, twende unionyeshe kabati."

"Inspekta, mkuu wako alinihakikishia..."

"Mkuu wangu yuko kituoni. Aliyeko hapa ni mimi."

Chumba cha kadi kilikuwa mwisho wa korido, kirefu na chembamba, chenye harufu ya mbao na vumbi la karatasi. Kabati lilijaza ukuta mzima: droo mia moja na ishirini, kila moja na kishikio cha shaba kilichong'azwa na vidole vya watu. Katikati, kwenye kimo cha kifua, palikuwa na shimo jeusi. Droo yenyewe haikuwapo, si kadi zake tu.

"Nifundishe kazi yenu," Gundi alisema. "Nifundishe kama mtu asiyejua kitu, kwa sababu sijui kitu."

Mama Kadi alimtazama kumpima kama anatania. Alipoona hatanii, alivuta droo ya jirani na kutoa kadi moja.

"Kamusi yetu ni ya maana za kale za maneno ya Kiingereza, tunazieleza kwa Kiswahili. Unasoma kitabu cha zamani, ukikuta neno lina maana ambayo leo imekufa, unaliandika kwenye kadi. Juu maana ya leo, chini maana ya zamani, pembeni jina la kitabu. Halafu kadi inakwenda mahali pake. Droo zote hizi zimepangwa kwa herufi ya kwanza, kama daftari la majina shuleni."

"Na iliyoibiwa?"

"Ile ni yangu." Sauti ilimlainika kidogo. "Wenzangu wanalishika neno kichwani. Mimi nililishika mkia. Nilikusanya maneno ya sifa yanayoishia na mkia mmoja, some. Awesome, toothsome, winsome, ukoo mzima. Sasa mkia ukiwa ni ule ule, utayapangaje? Unaangalia herufi inayougusa mkia. Awe inaishia na e, tooth inaishia na h, win inaishia na n. Basi awesome inatangulia, toothsome inafuata, winsome inakuja baadaye. Kadi mia sita. Wenzangu wananicheka, wanaiita droo ya mikia."

"Kuna mwingine anayepanga hivyo humu ndani?"

"Thubutu! Hawana subira."

Gundi aliandika. "Na zote mia sita zilifuata mpango huo?"

"Zote, isipokuwa moja."

"Ipi?"

Kwa mara ya kwanza siku ile Mama Kadi alitabasamu. "Hiyo ni siri yangu na marehemu mume wangu. Wewe haikuhusu, na Mkurugenzi ndiyo kabisa."

"Nitakuuliza tena."

"Uliza, binti yangu. Nami nitakunyamazia tena."

Gundi aliandika: moja haikukaa mahali pake. Akapiga mstari chini yake, akaendelea.

"Hizi kadi nyekundu ni za nini?" Aliona mbili tatu zimechomoza kwenye droo iliyo wazi.

"Hizo ni badala. Ukitoa kadi, hata kwa dakika kumi, unaacha nyekundu mahali pake, umeandika nani kachukua na umesaini. Mkurugenzi anasaini, mimi nasaini. Hakuna kinachotoka humu bila sahihi. Huyu aliyechukua mia sita ndiye wa kwanza kututoka hivi hivi."

"Nani alikuwa anaitaka droo yako?"

"Wawili. Mkurugenzi alitaka niivunje, kadi nizitawanye kwenye droo za kawaida, eti namharibia mpango wa nyumba. Daktari alitaka tutoe kitabu, mimi nitoe kadi, jina liwe lake. Wote wawili niliwaambia ng'o."

Daktari alikuwa mhariri msaidizi, msomi wa shahada za juu, aliyefika miaka miwili iliyopita na tangu hapo hajawahi kuacha sentensi ya mtu bila kuisahihisha. Ufunguo wa kabati ulikuwa na pacha wake. Mmoja ulining'inia shingoni mwa Mama Kadi. Wa pili Gundi aliukuta ofisini kwa Mkurugenzi, ndani ya kikombe cha kalamu, mahali ambapo hata mleta chai angeuokota.

"Kwa hiyo mtu yeyote," alisema Gundi.

"Mtu yeyote mwaminifu," alijibu Mkurugenzi, na uso ukamwiva.

Ushahidi wa kumtia Mama Kadi hatiani ulikuwa mmoja tu, nao ulitoka kwa mlinzi wa getini, babu mwembamba mwenye kofia iliyomzidi kichwa. Alikuwa amesema, na sasa alirudia, kwamba Ijumaa jioni alimwona Mama Kadi anatoka na mfuko mkubwa.

"Mfuko huu?" Gundi aliuinua mfuko wa kitambaa aliouchukua kwa Mama Kadi, wenye zipu juu.

"Huo huo."

"Zipu ilikuwa imefungwa?"

"Imefungwa kabisa, naapa. Mimi macho yangu mazima."

Gundi aliomba droo moja kutoka kwenye kabati, akaitumbukiza mfukoni mbele yake. Nusu ilizama, nusu ikabaki nje. Aliisukuma, akaigeuza, akailaza ubavu. Zipu haikufika hata katikati.

Babu alivua kofia, akajikuna. "Lo! Sasa hapo mimi nimesema nini?"

"Umesema kweli, babu. Wenzako ndio waliisikiliza nusu. Nani mwingine alitoka na kitu Ijumaa ile?"

"Wakubwa siwakagui, mwanangu. Mkurugenzi alitoka na maboksi ya vitabu, Daktari alitoka na boksi la vitabu. Kila wiki wanatoka nayo. Nikimwambia mkubwa afungue boksi, Jumatatu natafuta kazi nyingine."

Simu ya Gundi ililia akiwa bado getini. Alikuwa mkuu wake.

"Gundi, sahihi iko wapi?"

"Haipo, afande. Droo haiingii kwenye mfuko."

"Nini?"

"Nimeipima. Ushahidi wenu umebaki nje nusu."

"Sikukutuma ukapime mifuko! Yule Mkurugenzi anajuana na watu. Saa nane gari linakuja hapo, na nataka litoke na mtu ndani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, afande. Lije. Abiria atakuwapo."

Alikata simu kabla ya kukatiwa. Ahadi ile aliitoa kwenye mfuko mtupu. Alikuwa na wakubwa wawili wenye maboksi, kikombe chenye ufunguo, na mama mmoja mkaidi. Kibali cha kupekua magari ya wakubwa asingekipata bila sababu ya kuandikwa. Alikaa juu ya tofali la getini, akafungua mkoba wake, na humo akaona fomu ya mali iliyopotea, ambayo hakuna aliyejisumbua kuijaza. Eleza mali kwa ukamilifu, ilisema fomu. Akasimama.

Saa sita kasoro aliwaweka watu watatu katika vyumba vitatu: Mkurugenzi, Daktari na mpiga chapa wa ofisi, mwanamke mchangamfu aliyekuwa ameshamwambia kila mtu kwamba Mama Kadi hakuiba. Kila mmoja alipewa karatasi na kalamu. Waandike maneno kumi yaliyokuwamo kwenye droo ile, yoyote wanayoyakumbuka, ili fomu ijazwe.

"Huu ni mchezo wa watoto," alinung'unika Mkurugenzi.

Daktari yeye alicheka kwa upole. Alikuwa na miwani iliyofutwa vizuri na vidole visafi. "Inspekta, mimi droo ile sijapata kuivuta hata mara moja. Mambo ya mama yale. Ila maneno yenyewe msomi yeyote anayajua. Nitakusaidia."

Aliandika kumi haraka haraka, bila kufuta, bila kuinua kichwa. Karatasi ilikuwa imekamilika kabla Gundi hajafika mlangoni.

Gundi alizibeba zote tatu hadi chumba cha kadi, akaziweka juu ya meza kwa mstari. Mkurugenzi alikuwa ameandika saba tu, ovyo ovyo, handsome kwanza, awesome ya pili, na la saba lilikuwa welcome, ambalo mkia huo halina kabisa. Huyu hata kuiba asingejua aibe nini. Mpiga chapa alikuwa amepanga kama daftari la shule, kuanzia awesome hadi winsome, kama alivyozoea.

Ya Daktari aliisoma mara mbili. Frolicsome, awesome, toothsome, noisome, irksome, fulsome, handsome, winsome, cumbersome, lightsome. Kwa kuitazama tu, ilikuwa vurugu. Alichukua penseli, akafanya kama Mama Kadi alivyomfundisha: akaukata mkia wa kila neno, akaizungushia duara herufi iliyougusa. C. E. H. I. K. L. Halafu D. Halafu N, R, T.

"Hee," alisema peke yake.

Mkono wa Daktari ulikuwa umeyapanga kwa mkia. Lakini mtu mwenye elimu yake angeweza kusema ndivyo anavyopenda kupanga, na nani angembishia? Gundi aliirudia ile D. Tisa zilikuwa zimenyooka kama askari kwenye gwaride, na hii moja imetoka nafasi yake mbele ikaja kujibanza kati ya L na N. Alifungua daftari lake ukurasa wa asubuhi. Moja haikukaa mahali pake. Hakwenda kumuuliza Mama Kadi. Kwanza angenyamaziwa; pili, alitaka mtu mwingine ndiye amjibu.

Saa saba na nusu wote walikuwa chumba cha kadi. Mama Kadi alikaa kwenye kiti kando ya kabati, mikono mapajani. Mkurugenzi alisimama na karatasi yake ile ile, hakuwa ameiacha. Mpiga chapa aliegemea dirisha, na Daktari alijikalia pembeni ya meza akipepea na bahasha.

"Nawashukuru kwa orodha," Gundi alisema. "Ya Daktari ndiyo iliyonipendeza. Imepangwa kwa herufi inayogusa mkia. Sikujua watu wengine wanapanga hivyo."

Bahasha ilisita, kisha ikaendelea kupepea. "Ni njia inayojulikana, Inspekta. Duniani kamusi za namna hiyo zipo."

"Nimekubali. Tena nimeifurahia. Ila kuna sehemu umechemsha, na kwa kuwa karatasi hii inaingia kwenye jalada, itanibidi nieleze."

"Nimechemsha?"

"Handsome. Hand inaishia na d. Ingekaa juu, baada ya frolicsome. Wewe umeitupa huku chini kati ya fulsome na winsome." Gundi alimwonyesha karatasi, kisha akageukia mpiga chapa. "Dada, d inakuja baada ya l?"

"Wapi! Hata mwanangu wa chekechea anajua," alisema mpiga chapa, akacheka bila kujizuia.

"Nami naona hivyo. Basi nitaandika tu: Mhariri msaidizi alipoulizwa, alionekana hana uhakika na mfuatano wa alfabeti." Gundi aliinamia daftari, akaanza kuandika polepole, akitamka kila neno. "Hana... uhakika..."

"Usiandike upuuzi huo!" Daktari alikuwa amesimama. Masikio yalimwiva. "Kosa hilo si langu! Ndivyo ilivyokaa! Yeye ndiye aliyeiweka hapo, miaka yote hii iko hapo, hakuna aliyekuwa na akili ya kuirudisha juu, mimi nilipoiona nili..."

Akavua miwani.

Mpiga chapa alikuwa ameacha kucheka.

"Ulipoiona wapi, Daktari?" Gundi aliuliza taratibu. "Kwenye droo ambayo hujapata kuivuta?"

Daktari alimtazama Mkurugenzi, na Mkurugenzi akaitazama karatasi yake. Aliyeongea alikuwa Mama Kadi.

"Hata hapo umekosea," alisema. Aliinuka kwenye kiti, akaja akasimama mbele ya Daktari. Alimfika kifuani. "Si mimi niliyeiweka. Kabati hili lilitengenezwa na mume wangu, alikuwa seremala. Wakati ule hata hatujuani. Alikuja kurekebisha droo inayokwama, akanikuta naandika. Kiingereza alikuwa hajui hata salamu. Akaniuliza, hilo ni neno gani? Nikamwambia handsome, siku hizi ni mwanamume mzuri wa sura, lakini zamani lilikuwa kitu kinachokaa vizuri mkononi, kilicho karibu, kisichosumbua. Akasema, ya sura siidai, hiyo ya zamani niandike mimi. Akauliza na lile kule? Nikamwambia winsome, mwenye kuleta furaha. Akaichukua ile kadi kwa mkono wake, akaihamisha, akaichomeka kando ya ile nyingine, akasema hizi mbili usizitenganishe. Tukaoana mwaka ule ule. Kakaa nami miaka ishirini na sita, kafa, na kadi sijaigusa. Na sitaigusa. Wewe unaita kosa!"

Gundi alimwomba Daktari funguo za gari. Alizitoa. Ndani ya buti, chini ya tabaka mbili za vitabu, lilikuwapo boksi, na ndani ya boksi droo, na juu ya droo mswada mnene wenye jina moja tu kwenye jalada. Jina la Mama Kadi halikuwamo, hata kwenye shukrani. Mama mwenyewe alipolisikia hilo alisonya sonyo refu, basi.

Gari la polisi lilifika saa nane juu ya alama. Dereva aliuliza yuko wapi yule mama. Gundi alimfungulia Daktari mlango.

Waliporudi ndani na droo, Mkurugenzi alikuwa ameshavaa uso mwingine. "Mama, tumshukuru Mungu. Hii tuichane, urudi kazini, yaishe kimya kimya."

"Usichane," alisema Mama Kadi. "Itunze. Halafu andika nyingine, kubwa kama hiyo, muhuri huo huo, iseme sikuiba na kwamba wewe ulinisingizia. Usaini wewe. Utaibandika getini, babu aisome."

"Mama, jamani, utii kidogo..."

Mama Kadi alivuta droo yake karibu, akaipekua hadi kadi ya mwisho kabisa, akaiinua. "Hili ni buxom. Mkia wake ulikuwa some kama wenzake, vinywa vya watu vikaula. Zamani maana yake ilikuwa mtiifu, anayeinama akiamriwa. Leo ni mwanamke aliyejaza kifua. Neno lenyewe limechoka kutii miaka mia kadhaa iliyopita, Mkurugenzi. Mimi ndiye nianze leo?"

Mpiga chapa alikuwa tayari ameweka karatasi kwenye mashine. Ilipotoka, Mkurugenzi alisaini, na kalamu ilikwama mara mbili.

Ilibaki kazi moja. Gundi alizipitia kadi kwa ncha za vidole hadi akaikuta handsome, bado kando ya winsome. Pembeni, kwa penseli kali, mwandiko wa Daktari ulikuwa umeandika: mahali si pake, ihamishwe. Mama Kadi alipoiona alinyoosha mkono kuchukua kifutio.

"Mama, usifute," Gundi alimzuia. "Hiyo ndiyo kesi yangu yote. Lazima niende nayo."

"Umeniachia wenzake wote, huyu mmoja ndiye unayemchukua?"

"Atarudi. Nakuahidi."

Mama Kadi alifikiri. Kisha alivuta mtoto wa meza, akatoa kadi nyekundu, akaandika juu yake kwa herufi kubwa, bila haraka: Handsome. Yuko polisi. Anarudi hapa hapa. Akaipachika kando ya winsome, akaisukuma kidogo ichomoze, akamgeukia Gundi na kumpa kalamu.

"Saini," alisema.

Inspekta akasaini.